Mia Iliyopungua

Mama yangu, Ersilia, aliuza mikate Frascati,
katika duka lenye mlango mmoja na kengele iliyopasuka.
Kila usiku alimwaga droo juu ya meza ya unga,
akapanga lira mafungu mafungu, akihesabu kwa midomo.
Kilichoingia sharti kilingane na kilichopo na kilichotoka.
Ikipungua mia, hatulali.
“Hela haifi,” alisema. “Imehamia mfuko nisioujua.”

Leo nami nahesabu, mwendo wa nusu saa kutoka duka lile,
katika ukumbi wa zege usio na dirisha.
Positroni zinakuja kwa mikupuo, hamsini kila sekunde,
zinapita bomba lililofyonzwa hewa yote,
zinaipiga almasi nyembamba kama unywele.
Nyingi hupenya kana kwamba hawakuwapo watu.
Moja moja hukutana na elektroni,
na hapo zote mbili hufutika, ikabaki nuru.

Fuwele mia sita zimekaa duara kuipokea.
Nuru ikifika nusu, nusu ya pili isionekane,
na vihisio vya pembeni viseme hakijapita kitu,
basi kuna mfuko.
Chembe nyepesi, isiyosemezana na chochote chetu,
imetia mia yetu kibindoni
ikatoka kupitia ukutani bila kuaga.
Hivyo ndivyo tunavyodhani.
Hivyo ndivyo tunavyoandika tunapoomba fedha.

Wengine wana mitambo ya maili na maili,
wanapasua vizito, wanatazama darini.
Sisi tumelala kifudifudi, tochi mdomoni:
cha mvunguni kina masharti yake.

Jumatano, saa tisa usiku, Tadeja aliniita kwa jina la ukoo
(haniiti hivyo)
akaelekeza kidole kwenye skrini.
Kinundu.
Kidogo, kama donge la unga chini ya kitambaa,
palepale mstari ulipopaswa kulala.
Hatukusema. Kahawa ikapoa.
Pampu ilikuwa inapumua kwa niaba yetu.
Nikawaza nimpigie nani kwanza, kidole kikajiendea,
na namba ya Mama bado imo kwenye simu yangu.

Fosco alifika saa kumi na moja, shati ndani nje,
akapanda ngazi, akapapasa nyaya kama mkunga,
asiseme neno, hadi fuwele ya mia mbili na kumi na nne.
Ilikuwa imelegea. Nusu mzunguko wa bisibisi.
Kinundu kikalala.
Tadeja alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Mimi sikucheka.

Kuna usiku tuliitafuta mia mpaka alfajiri:
chini ya magunia, nyuma ya tanuri, ndani ya viatu vyangu,
Baba amesimama mlangoni na daftari lake,
Mama amepiga magoti kwenye unga, tochi mkononi,
akimulika kila ufa.
Hatukuipata.

Miaka ishirini baadaye, mazikoni,
mwanamke nisiyemfahamu alinishika kiwiko.
Alisema kulikuwa na msimu mmoja wa baridi, mumewe kitandani,
ambapo mkate wake wa Jumanne
ulikuja na chenji iliyozidi.
“Nilidhani amekosea. Nikamrudishia.
Akanifumba vidole, mmoja mmoja.”

Kumbe aliyeshika tochi ndiye aliyejua.

Nimejaza daftari la zamu: waya, fuwele 214, umekazwa.
Kati ya uzito huu na ule, hakuna kilichoonekana.
Tadeja ameupaka rangi ya kijivu ukanda ule wa grafu,
ukanda mwembamba, upana wa kucha;
atakayekuja asipoteze usiku wake hapo.
Fosco anauliza kama kuna mkate uliobaki.

Saa kumi na mbili na robo, positroni zimerudi.
Nawatazama wenzangu, sura zao za kijani mbele ya skrini,
kisha ukuta, zege mita mbili,
na sijui kwa nini naupungia mkono.
Naanza upya. Nahesabu kwa midomo.